Herufi ya Kucheka Juu ya Kibanda cha Wangoi

Kavoi hakushuka ngazi kabla ya kusoma. Ndivyo alivyofunzwa na Kimanzi, mtu wa Kitui aliyekuwa akiandika mabasi na maduka ya River Road enzi ambazo mtu mzima hakuona haya kutamka jina lake mbele za watu. Kimanzi akimaliza herufi ya mwisho alifuta brashi kwenye paja la suruali, akageuka akiwa bado juu, akamtafuta mwenye duka kwa macho na kumsomea bango lake neno kwa neno. Mwenye duka alijibu, "Ni mimi." Ndipo fundi aliposhuka na kudai chake.

Wengi wakati huo hawakujua kusoma, na hapakuwa na njia nyingine ya kumhakikishia mtu kwamba kilicho juu ya mlango wake ndicho alichokiagiza. Lakini hata waliojua walisimama wakasomewa. Jirani waliacha kazi zao wakasikiliza. Baada ya hapo mtaa mzima ulikuwa umemjua mtu, na asingeweza tena kujifanya mwingine.

Kavoi aliileta desturi hiyo Silanga, upande wa Kibera ulio karibu na bwawa. Alikuwa ameacha shule ya Machakos darasa la nne. Yaliyobaki alijifunza mwenyewe, kutoka kwenye magazeti ya kufungia nyama na maandishi ya mikebe ya rangi, na alikuwa na imani ya watu wa namna hiyo kwamba kila kilichoandikwa kina la kusema. Kwa miaka mingi hakuna kinyozi, kinu wala kanisa la mabati pale Silanga lililofunguliwa bila yeye kupanda ngazi. Herufi zake zilikuwa nene na wima, za kusomeka kutoka ng'ambo ya mtaro, na kila bango lilikuwa na jina lake dogo pembeni, chini.

Wangoi alikuwa miongoni mwa wateja wake wa kwanza. Alikuja kuuza makaa, mgongoni mtoto, na alipomwita Kavoi alijua anachotaka.

"Niandikie jina langu."

"Niandike Mama Ciru?"

"Ciru ako na lake. Andika langu."

Kavoi akaandika WANGOI, na chini yake MAKAA NA MBOGA, kwa rangi nyekundu juu ya nyeupe. Akageuka juu ya ngazi, akasoma. Wangoi akajibu, "Ni mimi!" kwa sauti iliyowafanya wauza kabeji wacheke. Hakuwa akijua kusoma hata herufi moja. Miaka ya baadaye, kanisa lao lilipoanzisha masomo ya gumbaru, ya watu wazima wasiojua kusoma, mwalimu alimwambia kila mmoja ajaribu chochote anachokijua, na Wangoi akaandika jina lake lote bila kukosea, hata ile G akaitia mkia mrefu wa brashi ambao ni Kavoi peke yake aliyekuwa akiuweka. Alikuwa amelitazama bango lile kila siku akisubiri wateja. Tangu hapo aliweka sahihi yake na mkia ule, na Kavoi, ambaye hakupenda kusifiwa, aliipenda habari hiyo kuliko alivyokubali kusema.

Mwaka wa uchaguzi, kabla ya kelele za mikutano kuanza, msichana aitwaye Everlyne alifungua saluni mkabala na kibanda cha Wangoi. Alimwita Kavoi. Alikuwa na karatasi aliyochapa kwenye saiba, duka la intaneti, ya Kibera Drive.

"Mzee wangu, andika 'Eva Saluni', halafu hapa mwisho uniwekee hii."

Kwenye karatasi palikuwa na alama moja tu, kubwa:

ツ

"Hii ni nini?"

"Ni smaili. Ona macho mawili, na huu ni mdomo unacheka kwa upande, kama mtu ameona kitu na hataki kusema. Siku hizi kila mtu kwa intaneti anaweka hiyo kando ya jina."

"Inasomwaje?"

"Haisomwi, mzee. Unaiona tu."

"Mimi siandiki kitu kisichosomwa."

"Kwani wewe ukicheka, huwa tunakusoma?"

Wanawake waliokuwa wakisukwa wakacheka mpaka mmoja akamwambia Everlyne aache, asimvute nywele. Wangoi naye akampazia Kavoi sauti kutoka kwenye magunia yake, akimwita kwa jina la bintiye, "Baba Nthenya, weka tu! Sura ya kucheka itakuua?"

Kavoi akaikunja ile karatasi akaitia mfukoni. Kesho yake alikwenda kwa miguu mpaka Barabara ya Ngong, kwenye yadi ya magari yaliyotumika Japani, kumwona Ishmael, fundi wa umeme wa magari. Magari pale yalikuwa na maandishi ya kwao milangoni, nayo hayafutwi, kwa sababu mnunuzi akiyaona huamini kwamba gari limetoka melini juzi. Kavoi alikuwa ameshalipwa mara nyingi kuyafunika kwa majina ya Kikenya baada ya gari kuuzwa, na hakuwahi kuuliza yalisema nini. Ishmael alikuwa amepelekwa Japani mwaka mzima kujifunza kazi, akarudi na herufi chache kichwani.

"Hii ni tsu," Ishmael alisema.

"Tsu maana yake?"

"Haina maana. Ni sauti, kama sisi tulivyo na 'cha' na 'nya'. Wenzetu wana maandishi mengine ya mambo ya kwao. Hizi ni za maneno yaliyotoka nje, ya wageni. Shati wao wanasema shatsu, ndoo wanasema baketsu, na mwisho wa yote mawili unaweka hii hapa."

"Na kucheka?"

"Kucheka ni yetu sisi tusiojua kuisoma. Mjapani haoni uso hapo, ni kama wewe usivyoona uso kwenye A. Lakini uwe mwangalifu mzee, ukiyalaza haya macho moja juu ya lingine, na huu mdomo ukauanzia chini kwenda juu, si tsu tena. Inakuwa shi."

Kavoi alimfanya aichore mara kadhaa kwenye vumbi la kioo cha gari. Vijiti viwili vifupi kwa juu, bega kwa bega, halafu mchoro mrefu unaoanzia juu kulia ukateremka kushoto na kuishia mwembamba. Ulikuwa mchoro wa brashi hasa. Aliyeubuni alikuwa na mkono. Nyumbani Kavoi aliujaribu kwenye kipande cha bati mpaka ukakubali.

Alirudi kwa Everlyne akiwa na la kusema. "Inasomwa tsu. Nitakuandikia."

"Woi, mzee," Everlyne akasema, akamwonyesha juu kwa kitana. Bango lilikuwa limeshapandishwa. Lilikuwa la plastiki, lililochapwa kwa mashine mjini, na ile sura ya kucheka ilikuwa kubwa kuliko jina lenyewe. Hakuna aliyelisoma. Hakuna aliyepanda ngazi zaidi ya kijana wa kupiga misumari. Miezi michache baadaye sura ile ilikuwa kila mahali Silanga, imechorwa kwa makaa ukutani, kwa kalamu kwenye mifuko ya shule, kwa rangi kwenye mgongo wa jaketi. Vijana waliijua kama alama ya Eva, na ya mtu yeyote mwerevu. Kavoi alikuwa mtu pekee mtaani aliyejua kuitamka, na hakuna aliyemuuliza.

Kura zikapigwa Alhamisi, mwishoni mwa Desemba. Jumamosi matokeo yalikuwa bado, na moshi ulishaanza kupanda upande wa soko.

Wapo wanaosema vijana walikuwa na watu wa kuwaonyesha maduka. Pale Silanga hawakuhitaji mtu. Walipita uchochoroni wakiwa na marungu na mapanga, wakasoma mabango. Walisoma kwa sauti, mmoja akisoma na wengine wakisikiliza, na jina likiwa la kabila lililotafutwa, mlango uliangushwa. Kavoi aliwasikia akiwa ndani kwake. Walikuwa wakisoma kazi yake, neno kwa neno, vizuri kabisa, kwa kuwa alikuwa ameiandika isomeke kutoka mbali. Hakuna mwenye duka aliyejibu kwamba ni yeye.

Mwenye bucha alimjia mbio kwa mlango wa nyuma, akataka jina lake lifunikwe. Kavoi akamfunika. Fundi wa viatu akaja. Akamfunika naye. Kisha akachukua mkebe wa rangi nyeusi na mwingine wa nyeupe, akabeba ngazi, akaenda kwa Wangoi bila kuitwa.

Wangoi alikuwa amekaa juu ya gunia mbele ya kibanda. Alikuwa ameleta makaa mengi kwa ajili ya sikukuu na yalikuwa yamejaa mpaka mlangoni. Kibanda kile kilikuwa ndicho alichokuwa nacho. Mume alikuwa ameshakufa, shamba hakurithi, na Ciru alikuwa ameolewa Kawangware katika chumba kimoja. Makaa yale yakishika moto, yangewaka siku mbili, na nusu ya safu ile ingekwenda nayo.

"Inuka, Mama Ciru, nilifute."

"Hilo jina halitoki."

"Wamefika kwa fundi wa saa."

"Baba Nthenya, si ni wewe uliniandika hapo? Si ulisimama juu ya hiyo ngazi ukaambia Silanga yote mimi ni nani? Sasa unataka niwe nani?"

"Nataka uwe mzima."

Wangoi akalitazama bango. Kutoka upande wa kinu sauti ya kijana ilisikika ikisoma, ikifuatiwa na bati likianguka. Akainuka kwenye gunia, akalisogeza ili ngazi ipate pa kusimama.

"Futa, basi. Lakini ukiliacha jeusi hivyo watajua limefutwa leo. Watauliza ni nani anajificha."

Alisema kweli. Kavoi alilipaka jeusi lote, akaanza kwa ile G, kisha akabaki juu na brashi ya nyeupe mkononi. Angeandika nini? Jina lake mwenyewe lingesaidia siku hiyo, lakini nani alijua kesho ingekuwa zamu ya nani. Jina la kanisa nalo lilikuwa na upande, makanisa yenyewe yalikuwa yamegawanyika. Hata neno "makaa" peke yake lilikuwa limekuwa jina la Wangoi, kila mtu alimwita Mathe wa Makaa. Aliyapitia kichwani maneno yote aliyowahi kuandika katika maisha yake, na hakupata hata moja ambalo halingemtaja mtu.

Akaweka vijiti viwili bega kwa bega. Akauanza mchoro mrefu juu kulia, akauteremsha kushoto, akaiinua brashi polepole mwisho wake. Ilitoka safi kuliko ile ya plastiki iliyokuwa mkabala.

Kwa mazoea akageuka juu ya ngazi, akamtafuta Wangoi kwa macho, akafungua mdomo.

"Shuka, Baba Nthenya," Wangoi akasema. "Wewe shuka tu."

Akashuka bila kusoma. Hakuwahi kufanya hivyo. Wangoi alijifunga kichwani leso aliyopewa na Everlyne, aliyekuwa ameyaona yote kutoka mlangoni kwake, akaondoka na mwanamke mmoja wa kanisani kwa njia ya mashamba ya sukumawiki, kando ya bwawa, bila kubeba chochote ili asionekane anahama.

Vijana walifika rangi ikiwa bado mbichi. Kavoi alikuwa ameketi upande wa pili wa uchochoro, mkebe kati ya miguu.

"Niaje buda. Hii ni ya nani?"

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake, kusema hii ni ya nani. Kavoi akafunika mkebe wake. Kijana aliyeuliza akatazama juu, akatikisa kichwa kana kwamba anajaribu kuisoma.

"Ni yangu," Everlyne akasema kutoka mlangoni kwake, kitana mkononi. "Kwani hamwoni smaili? Ama siku hizi mnachoma mali ya Eva?"

"Si hapa ni pa yule mathe wa makaa?"

"Alikuwa. Aliniuzia akaenda kwao. Na wewe Khamala, kabla uniulize maswali, mwambie dadako akuje nimmalizie kichwa. Amekaa nusu kasukwa, nusu kichaka, tangu siku ya kura."

Wenzake wakacheka. Khamala akacheka pia, kwa aibu kidogo, akamuuliza Kavoi, "Buda, ni ukweli?"

"Si unaona mwenyewe alama ni yake," Kavoi akasema.

Wakaendelea mbele, wakasoma bango lililofuata. Mwenye hilo hakuwa na bahati.

Kibanda kilibaki kimesimama. Everlyne aliyauza yale makaa Januari, makaa yalipokuwa adimu mjini, akampelekea Wangoi kilicho chake kupitia kwa yule mwanamke wa kanisani. Kavoi alimheshimu msichana yule tangu hapo, ingawa hakulisamehe bango lake. Yeye mwenyewe alikuwa na shida zake. Mwanasiasa mkubwa wa kwao Ukambani alipoingia serikalini katikati ya vurugu, watu waliokuwa wakimsalimu Kavoi kila asubuhi wakaanza kumtazama kama mgeni, na mlangoni kwake mtu akaacha jiwe. Hakuhama. Aliacha tu kuweka jina lake pembeni mwa mabango. Kazi zenyewe zilikuwa chache, na zilizokuja zilikuwa za namna moja: watu walitaka BUCHA, walitaka KINYOZI, walitaka HOTELI. Aliwauliza, hoteli ya nani? Wakamjibu, andika tu hoteli. Akasoma akiwa juu, na wao chini wakaitikia kwa kichwa, maana ni nani atakayejibu "ni mimi" akiitwa hoteli.

Wakubwa wa siasa walipopatana na barabara zikatulia, alisikia kwamba Wangoi amefungua tena, huko Kawangware, sehemu iitwayo Kongo, kwenye ploti ya Mzee Kagiri. Akachagua brashi zake nzuri. Akanunua nyekundu mpya na nyeupe mpya, ingawa hakuna aliyemwagiza, akatembea mpaka huko.

Alimkuta na magunia matatu na kibanda cha mbao ambazo hazijapakwa kitu. Alikuwa amekonda. Wakasalimiana kwa muda mrefu, wakaulizana habari za Ciru na za Nthenya na za kila mtu aliyebaki Silanga na asiyebaki. Kisha Kavoi akaiegemeza ngazi aliyoiazima kwa Kagiri, akafungua mkebe wa nyekundu.

"Nitalirudisha kama lilivyokuwa. Na mkia wake."

"Baba Nthenya, weka ile ya kucheka."

Alidhani anatania. "Hapa ni kwenu. Mwenye ploti ni wa kwenu, jirani ni wa kwenu. Nani atakuuliza jina hapa?"

"Leo hakuna. Hata Silanga, ile miaka uliniandika, hakukuwa na wa kuniuliza."

"Lilikuwa jina zuri."

"Ni zuri hata sasa. Niko nalo." Akajigusa kifuani kwa mkono mweusi wa makaa. "Ni hapo juu tu silitaki. Weka ile. Ilikaa pale moto ukapita."

Kavoi akaufunga mkebe wa nyekundu. Alipanda, akapaka mbao nyeusi, akasubiri zikauke, akaiandika kwa nyeupe: vijiti viwili bega kwa bega, na mchoro unaoteremka. Hakuharakisha. Ilikuwa kazi nzuri, na ingeonekana mpaka barabara kubwa, ingawa yeyote ambaye angeiona asingejua chochote kumhusu mwenye duka, zaidi ya kwamba hataki kujulikana. Siku hizi mji mzima umeandikwa hivyo.

Alipomaliza alifuta brashi kwenye paja, akageuka akiwa bado juu, akamtafuta Wangoi kwa macho.

"Tsu," akasoma, kwa sauti ya kusikika na jirani.

Akangoja jibu.

Chini yake mteja alikuwa ameweka kikapu, na Wangoi alikuwa ameshainama juu ya gunia, akijaza mkebe, akiupiga kofi makaa yashuke, akiongeza mawili ya juu kama alivyofanya siku zote. Mteja aliitazama ile sura.

"Mathe, hapa panaitwaje?"

"Haina jina," Wangoi akasema. "Ni makaa tu. Nikuongeze mkebe mwingine?"

Kavoi akangoja kidogo zaidi, kisha akashuka.